Viazi Katika Supu ya Mama

Huruma ya kiazi haimwinui mgonjwa. Mmenisikia nikimwambia jirani hivyo, sasa mnataka kujua msemo huu umetoka wapi. Haya, wajukuu zangu, kaeni. Nimechoka, ila msemo huo ulizaliwa jikoni kwetu, Makete, nami nilikuwapo.

Mama yangu alipatwa na kisukari. Muuguzi akakataza ugali, akakataza na viazi. Ilikuwa Juni, baridi ya kuuma mifupa. Wifi yangu Tusekile, mke wa kaka, ndiye aliyebeba kazi. Kila siku alichuma kabichi na figiri, akachemsha na vitunguu, nyanya na tangawizi nyingi. Mama alikunywa supu ile ya moto, akapata joto, kisha akalalamika kwamba hajala. Kwetu asiyekula kiazi hajala.

Wiki zikapita, sukari ikazidi kupanda. Vidole vya mguu vikaanza kuwa vyeusi. Wa kulaumiwa alikuwa nani, kama si mpishi? Kaka alimwambia mkewe arudi kwao, maana majani yake yanamuua mama. Na mimi, Mungu anisamehe, nikamsaidia kufunga mzigo.

Tusekile alichukua upawa. Alikwenda kumpakulia mama kwa mara ya mwisho. Upawa ukagusa kitu kizito, akaimwaga supu yote kwenye beseni mbele yetu. Chini palikuwa na rojo la viazi vilivyopondwa.

“Mimi sijatia kiazi humu,” alisema. “Nani katia?”

Baba akakohoa. “Ni mimi. Kimoja tu. Alikuwa analia njaa, ningefanyaje?”

Kaka akainamisha kichwa, akakiri kwamba naye alitia kimoja, kila siku akitoka shamba.

Tusekile akanigeukia. “Na wewe, wifi?”

“Viwili,” nikasema.

Tulimwomba radhi, akafungua mzigo wake, akabaki. Sukari ikashuka, lakini mguu ulikuwa umeshaharibika, ukakatwa. Mama aliishi miaka sita zaidi kwa supu ya Tusekile, na hakunilaumu hata siku moja. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Tangu hapo, jirani akija na viazi vya kumpa pole mama, baba alimzuia mlangoni. Hakugomba. Alimwambia tu, kwa sauti ya mtu aliyechoka: huruma ya kiazi haimwinui mgonjwa.