Saa ya Ulaya na Tumbo la Sultani

Hapo zamani za masultani wenye matumbo makubwa na subira ndogo, alikuwako maskini mmoja, jina lake Mwinyikombo, kazi yake kupima kivuli. Kila siku husimama uani mwa jumba, akakipima kivuli chake kwa nyayo, kisha akapaza sauti, "Saa sita! Chakula!" Kazi hiyo hata kuku angaliiweza, naye hakulificha hilo, ila hakuwa na nyingine, na mkewe na wanawe sita walikula ukoko wa jikoni kwa Sultani.

Basi siku moja Sultani akaletewa saa kubwa ya ukutani kutoka Ulaya. Akamwita Mwinyikombo, akamwambia, "Saa hii haili, hailali, wala haikosei. Wewe wala, walala, na juzi ulikosea. Nionyeshe kosa lake moja leo hii, ama utoke mjini mwangu wewe na wanao."

"Ewe bwana wangu," akajibu Mwinyikombo, "mjinga kama mimi atalionaje kosa la saa? Naomba leo tuitii tu, nijifunze."

"Vema. Leo atakayeuasi mshale wa saa hii asile, hata nikiwa mimi."

Jua likafika utosini. Sultani akanawa mikono, akaketi. Mwinyikombo akasimama mlangoni pa jikoni.

"Bado, bwana wangu. Chakula cha mchana huliwa saa sita, na mshale uko kwenye kumi na mbili."

Kumbe saa ile ilihesabu kwa desturi ya kwao! Sultani akaikumbuka amri yake, akaurudisha mkono. Ikawa harufu ya pilau yazunguka jumba zima, Sultani ameza mate, naye Mwinyikombo, aliyekuwa hajala tangu jana, ajilaani kimoyomoyo. "Mpumbavu gani," alijiuliza, "hutega mtego ukanasa tumbo lake mwenyewe?"

Mshale ulipofika sita, jua lilikuwa likizama. Sultani akaufakamia wali, kisha akasema, "Kosa nimeliona."

"La, bwana wangu. Saa yajua sana kutembea. Haijui tu imefika kwa nani."

Akauendea ule mshale mfupi, akausukuma kwa kidole hata kumi na mbili, saa ya machweo kwetu. Sultani akaisogelea saa.

"Kumbe ni kidole tu! Ulijua tangu asubuhi?"

"Nilijua, bwana wangu. Lakini ningaliusukuma asubuhi, ungalinifukuza adhuhuri."

Sultani akacheka hata punje za wali zikamtoka puani, akamrudishia kazi yake, akamsogezea na sinia.