Gobore la Kalunde

Apeni kwanza. Kila mtu mkono kifuani, aseme hatamwambia mtu. Mmeapa? Haya. Na mimi niliapa hivyo hivyo mbele ya Kalunde mwenyewe, na nilipofika kwa jirani hata kukaa sikukaa kabla ya kusimulia.

Hapo zamani, katika kijiji cha wawindaji, Kalunde alifiwa na mumewe. Akaachiwa gobore la kutu na kaniki ya kufiwa. Desturi yao: siku ya kuondoa matanga, gobore la marehemu sharti lilie mara moja, kisha mjane alipokee kwa mikono miwili. Lisipolia, kaniki havui, gulioni haendi, haolewi. Na huko gulioni, nasikia, kulikuwa na mtu mrefu mwenye masharubu.

Sheria ya nchi hiyo nayo ilisema: gobore kuukuu la kushindilia baruti ni pambo. Likikubali risasi ni bunduki, na bila kibali ni jela.

Baruti haikupatikana popote. Kalunde akalipeleka gobore kwa Lugusha, fundi baiskeli. Lugusha akakaa nalo siku tatu, akalibadilisha tumbo.

"Litalia, fundi?"

"Litalia, mama. Usiniulize litalishwa nini."

Kalunde akachungulia, akaona tundu la risasi, akaelewa, akanyamaza.

Lakini roho haikumtulia. Akamwita mkaguzi wa silaha. Mkaguzi akaketi, akamaliza kibuyu cha togwa, akalitazama gobore ukutani kutoka pale pale alipoketi, akaandika: PAMBO. Kalunde akaifunga karatasi kwenye pindo la kaniki.

Siku ikafika. Msabila, ndugu wa marehemu, mwenye bunduki yake ya kibali, akalitia gobore risasi yake moja, akalifyatua. Puu! Kuku wakapotelea mahindini. Kalunde akalipokea gobore kwa mikono miwili, mbele ya kijiji kizima, moshi bado unalitoka. Kugeuka, mkaguzi huyu hapa, sahani ya pilau mkononi, maana karamu haikuwahi kumpita.

"Mama! Mikono juu!"

"Nikiliachia, baba, nitakufa na kaniki hii."

"Pambo gani linatema moto?"

"Fungua pindo langu usome ulichoandika."

Watu wakaangua kicheko. Mkaguzi akamgeukia Msabila.

"Risasi yangu ina kibali," Msabila akasema. "Mimi nimemuaga ndugu yangu."

"Na mimi ni fundi wa chuma," Lugusha akasema. "Nimeambiwa lilie, limelia. Nani kaniambia lisile risasi?"

"Shemeji, sema kitu!" Kalunde akalia.

Mkaguzi akaweka sahani chini, akatoa pingu. Alikuwa na jozi moja tu.

Haya, nyie mliokaa kimya: pingu zilimstahili nani? Lugusha aliyelibadilisha, Msabila aliyelifyatua, mkaguzi aliyeliandika pambo bila kuinuka, au Kalunde, aliyejua akanyamaza, na ndiye aliyekutwa nalo mikononi likifuka moshi?