Daraja la Matondwe

Hapo zamani, enzi za wafalme waliopenda kuhesabiwa mema yao, alikuwako sultani mmoja akiitwa Fumobakari, na nchi yake ilikuwa Uzimbe. Kila kilichojengwa mikoani kwa mali ya hazina kilitiwa fungu lake: visima fungu la maji, vyuo fungu la elimu, barabara na madaraja fungu la njia. Na kila Ijumaa baada ya sala, Waziri Badruni alisimama barazani akayasoma mafungu yale kwa sauti, na Sultani akafumba macho kwa raha kama mtu anayekunwa mgongo. Kwenda kuyaona hakwenda, kuyasikia kulimtosha.

Basi katika mji wa Matondwe, ukingoni mwa mto Mbwera, alikuwako maskini mmoja jina lake Chwaya. Hakuwa na kitu ila ulimi wake, nao ulimtia matatani mara nyingi kuliko ulivyomlisha. Binti yake, Mize, alikuwa na mimba pevu, na masika yalikuwa yakinyemelea. Mkunga wa pekee, Bi Msimu, alikaa ng'ambo ya mto, na mto ule ukifura hakuna awezaye kuuvuka. Masika yaliyopita jirani yao alishikwa na uchungu maji yamejaa, wakamzika yeye na mwanawe. Chwaya alicheka kila jambo duniani, lakini hilo hakulicheka; aliliogopa.

Ikawa akafunga safari mpaka kwa Sultani, akaingia barazani Waziri akiwa katikati ya fungu la njia, akapiga magoti.

"Maulana, sisi watu wa Matondwe tunaomba daraja."

Waziri akapekua makaratasi yake, akasema, "Matondwe wanalo daraja. Lilitolewa mwaka juzi, siku ya Maulidi. Nami mwenyewe nililitoa."

"Maulana, mimi nimezaliwa pale. Lingalikuwapo, ningalikwisha kuanguka kutoka juu yake."

Baraza zima likacheka, ila Sultani hakucheka. Waziri alipoona hivyo akasema, "Basi bila shaka wamelivunja wakafanya kuni."

"Daraja langu lipikiwe muhogo!" akanguruma Sultani. "Sikia, ewe Chwaya. Mwezi ukiandama nitakuja Matondwe mimi mwenyewe. Utanionyesha daraja lile lile lililotolewa siku ya Maulidi, nami nitalipanda mbele ya watu. Nisipoliona, huna shingo."

Chwaya akarudi nyumbani amenywea. Mize akamuuliza, "Baba, wametupa?"

"Wamesema tunalo, mwanangu."

"Tunalo wapi?"

"Ndilo ninalolitafuta."

Akajilaza mkekani, akaanza kuikumbuka siku ile ya Maulidi. Nani alikuja kutoka kwa Sultani, na alileta nini? Hakuna aliyeleta ubao, wala msumari, wala fundi. Alikuja Waziri na joho na kilemba, akamvisha Jumbe Mwinyigogo, mkuu wa mji, na maneno aliyoyasema… Hapo Chwaya akajipiga paja, akaangua kicheko hata Mize akadhani baba yake amerukwa na akili. Kisha akaenda kwa Jumbe, akamwambia kwamba Sultani anakuja mahsusi kuliona daraja la Matondwe, kwa hiyo avae joho na asikose kufika mtoni. Jumbe, aliyependa sifa kuliko chakula, na chakula alikipenda sana, hakuuliza zaidi.

Mwezi ukaandama. Sultani akafika kwa zumari na walinzi, akakuta mto umekwisha kuanza kufura na mji mzima umesimama ukingoni. Mize naye alikuwapo, ameshika kiuno.

"Daraja langu liko wapi?" akauliza Sultani.

"Lipo, Maulana. Nimeliambia lisiende mbali." Chwaya akapiga makofi, watu wakapisha, akatokea Jumbe Mwinyigogo amejaa ndani ya joho lake. "Ndilo hili. Jumbe, tafadhali ingia majini uiname, Maulana apande."

"Nini hiki?" Sultani akafoka.

"Daraja, Maulana. Siku ya Maulidi Waziri wako alisimama papa hapa akatangaza: 'Kwa amri ya Sultani mji wa Matondwe umetolewa daraja. Jumbe Mwinyigogo tangu leo ni daraja la pili.' Tukapiga vigelegele. Hatuna jingine. Hilo la kwanza hatujui liko mji gani. Huenda lina kingo."

"Maulana," akasema Jumbe huku akirudi nyuma, "mimi kuogelea sijui."

Sultani akamgeukia Waziri. "Badruni, nilikuamuru nini?"

"Uliniamuru, Maulana, nitoe daraja kila mji. Nami nikatoa."

"Na katika hesabu?"

Jasho likamtoka Waziri. "Karani aliona neno daraja, akalitia fungu la njia, pamoja na madaraja mengine."

"Hayo mengine ni ya mbao au ni ya nyama?"

"Mengi yamezeeka, Maulana," akanong'ona Waziri. "Moja lilifariki mwaka jana."

Sultani alijaribu kukasirika, ikashindikana. Kicheko kikamshika mpaka kilemba kikamwendea upande, na mji mzima ukacheka naye. Lakini macho yake yakamwangukia Mize, aliyekuwa hacheki, akauliza, "Huyu ni nani?"

"Ni binti yangu," akajibu Chwaya, na safari hii sauti yake haikuwa na mzaha. "Siku zake zimefika, na mkunga yuko kule. Nimekuchekesha, Maulana, lakini mimi mwenyewe nimejaa hofu tangu mvua ya kwanza."

Sultani akautazama mto, akaona haya mbele ya watu wake, na hakuificha. Akaamuru walinzi wakafunge kamba ukingo hadi ukingo wamvushe Bi Msimu saa ile ile. Kisha akamwambia Waziri, "Anza kesho, pita mji kwa mji. Kisima hukunywa maji yake, usikihesabu. Daraja hukulivuka kwa miguu yako, usinisomee."

Akamshika Chwaya mkono, akasema, "Umenifumbua macho, nami nataka kukutukuza. Sema mwenyewe, nikupe daraja gani?"

Chwaya akainama kwa adabu.

"La mawe, Maulana."

Likajengwa la mawe, na hekaya hii ilipita juu yake, ikatufikia bila kulowa.