Mtoto Aliyekataa Kuamkia

Ndugu zangu, alikuwepo mama mmoja, fundi cherehani, aliyejivunia kitu kimoja mtaani kwake: adabu ya binti yake wa miaka minane. Mtoto hapiti mbele ya mkubwa bila shikamoo. Majirani wakimsifu, mama anavimba kichwa. Nani humu hapendi kusifiwa mtoto wake?

Basi siku moja akaingia shemeji yake, baba mdogo wa yule mtoto, aliyekaa chumba cha uani. Mtoto akaambiwa amwamkie, akakaza midomo. Mama akaona aibu, akamchapa. Na siku zile mtoto alikuwa ameanza tena kukojoa kitandani. Godoro likaanikwa nje, wenzake wakamcheka. Chakula akawa hali, mama akasema anaringa. Akienda kuoga anataka mama asimame mlangoni, mama akamwambia asimdekee, ana nguo za watu za kushona.

Jioni akamwita. "Siku hizi umeota mapembe?"

"Mama, yule mimi simtaki."

"Humtaki? Baba yako mdogo huyo. Chukua wali huu umpelekee, upige magoti umwombe radhi. Na usirudi mpaka akusamehe."

Mtoto alimtazama mama yake, akamtazama sana. Kisha akaenda. Alikawia kurudi, na mama akafurahi, akajua wamepatana. Jamani, alifurahi!

Miezi ikapita. Mtoto akaugua; nesi wa zahanati akampima, akamwita mama pembeni, akamweleza kuwa mtoto ameharibiwa. Mama akaketi sakafuni, analia, anauliza kwa nini mwanawe hakumwambia.

"Nilikwambia simtaki," mtoto akajibu. "Wewe ndiye uliyenipeleka."

Mnangoja niwafariji? Leo sina faraja. Mama yule analia mpaka kesho, na hakuna chozi linalorudisha kitu. Sisi tumewafundisha watoto kuamkia, kupiga magoti, kunyamaza mkubwa akisema. Lini tuliwafundisha kukataa? Mtoto anabadilika ghafla, anamkimbia mtu aliyemzoea, analowesha kitanda alichokwisha kuacha kukilowesha, na sisi tunatafuta fimbo. Wangapi humu tumewahi kumsukuma mtoto kwa mtu anayemwogopa, kisa tusionekane hatujui kulea? Msiinue mikono. Hata mimi mchungaji wenu nimewahi.

Nendeni nyumbani mkakae na watoto wenu, muwaulize, na wakiwaambia jambo muwaamini. Nendeni leo, ingawa wengine wetu tumeshachelewa.