Mwanafunzi wa Kumi na Moja

Sogeeni. Aliye mlangoni aingie au atoke, asisimame katikati. Hadithi hii nina mwanzo wake na nina kati yake. Mwisho sina, nitauomba kwenu, na msije mkasema sikuwaambia mapema.

Walikuwapo watoto watatu wa mtaa mmoja, na kila mmoja alijaliwa chake.

Mize alijaliwa masikio. Mfunge kitambaa machoni, mzungushe mpaka apepesuke, kisha mtoto mmoja aseme neno moja tu kutoka pembeni. Mize atanyoosha kidole akwambie huyo ni nani, amekaa wapi, na kama ana mafua.

Faki alijaliwa kumbukumbu. Mpangie vitu kumi kwenye sinia, mwonyeshe kidogo, funika kwa kawa, kisha uondoe kimoja kwa siri. Ukifunua tu atakwambia kilichokosekana, tena atakitaja kwa Kiarabu, na mwezi ujao atakuwa bado analikumbuka sinia zima.

Asaa, mdogo wao, hakuwa na masikio ya maana wala kumbukumbu. Alijaliwa mdomo. Ficha kitu kwenye ngumi, mwambie akijue kwa maswali ya naam na la, na Asaa atakuuliza mpaka ufumbue mkono mwenyewe upate amani. Mama yake alikuwa akisema mtoto huyu alizaliwa akiuliza nani kazima taa.

Aliyevigundua vipawa hivyo ni Bi Zuwena, aliyekuwa akisomesha Kiarabu barazani kwake kila siku baada ya alasiri. Watoto kumi, na hana bakora. Alisomesha kwa michezo mitupu: mchezo wa kitambaa, mchezo wa sinia, mchezo wa ngumi. Watu wazima hawakuupenda mtindo huo. "Kiarabu cha kuchezea!" walisema. "Mzaha mzaha hutumbuka usaha." Bi Zuwena akiwacheka. Watoto wake walikuwa wakigombana kwa Kiarabu, na wenzao wa kwingine walikuwa bado wanang'ang'ania alifu.

Basi siku moja, jua la utosi, Kazija, binti pekee wa Bi Zuwena, alikuwa uani akianika nepi za mwanawe wa miezi minne. Akasimama. Akakunja ngumi ya mkono wa kulia. Akaingia ndani, akalala chali macho wazi, na kutoka siku hiyo hakuyafumba tena.

Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, Kazija hajasinzia. Ukimwita hageuki. Mtoto wake akilia, hamjui. Ile ngumi wanaume wawili walijaribu kuifumbua wakashindwa. Na ikifika adhuhuri, midomo yake inacheza, na maneno ya Kiarabu yanatoka ambayo hayana kichwa wala miguu: kijiko, kitana, sindano, ndimu, kufuli. Kisha kimya. Kisha tena.

"Pepo wa Kiarabu huyo," wakasema wajuzi. "Tena mkubwa. Sultani." Wakamfanyia ya kisultani: udi, marashi, pete ya fedha, halua kwenye sahani ya kaure. Mganga akamwuliza kwa Kiarabu kizito yeye ni nani na anataka nini. Hakujibu. Shekhe akaja akasoma, akasoma kweli kweli, akatoka kijasho kikimtiririka. "Zuwena," akasema, "huyu si mkaidi. Nilipomaliza dua aliitikia amina pamoja nasi. Mimi jambo hili sijapata kuliona." Bi Zuwena mwenyewe, aliyekijua Kiarabu kuliko wote, alipiga magoti akamsihi kwa kila neno la huruma alilokuwa nalo. Hakujibiwa.

Siku ya saba Kazija alikuwa amebaki mifupa. Daktari alisema mtu asiyelala hana siku nyingi, na sindano zake za usingizi hazikufua dafu. Bi Zuwena akakaa sakafuni na mjukuu wake kifuani, akalia mbele za watu, jambo ambalo hakulifanya hata alipofiwa na mume.

Siku hiyo wale watoto watatu walikuja na mama zao kumjulia hali mgonjwa. Kina mama walipokwisha kumtazama wakatoka wakakaa nje barazani, maana hawakuweza kuvumilia macho yale. Watoto wakabaki chumbani na maalim wao. Ikafika adhuhuri, na midomo ikaanza kucheza.

Mize akamshika Bi Zuwena mkono. "Maalim, sauti hiyo haitoki kwa Dada Kazija."

"Inatoka wapi, mwanangu?"

Mize akafumba macho, akanyoosha kidole. Si kitandani. Pembeni, baina ya kabati na ukuta, upenyo ambao hata kuku asingeenea. "Hapo. Na si sultani, Maalim, ni mtoto. Namjua. Huwa yuko nasi barazani. Nikifungwa kitambaa namsikia karibu na mlango, nasema huyu simjui, wenzangu wananicheka."

Bi Zuwena akakumbuka kashata. Kila siku alikuwa akikata vipande kumi na moja, kumi vya watoto na kimoja chake, na kila siku hicho chake alikuta kimekwenda. Akidhani ni Asaa. Kumbe! Mwezi mzima alikuwa akisomesha wanafunzi kumi na mmoja. Na wale wote waliokuja kuuliza na kuamuru, walikuwa wakisemesha kitanda, na mwenyewe hayuko kitandani.

"Tumpe mgongo Dada," Mize akasema. "Tumtazame yeye." Wakageuka wote, wakautazama upenyo ule mtupu.

Sauti ikaanza upya, safi, karibu nao. Kijiko, kitana, sindano, ndimu, kufuli, mshumaa, kikombe, uzi, jiwe.

"Tisa," Faki akasema. "Maalim, hilo ni sinia lako la mwanzo wa mwezi! Haropoki huyu, anacheza. Kimoja amekitoa." Bi Zuwena alilipanga sinia hilo kwa mikono yake asilitambue, huzuni ilikuwa imemziba. Faki akahesabu kwa vidole. "Miftah! Ufunguo!"

Nyuma yao Kazija akavuta pumzi, pumzi ndefu ya mtu aliyetolewa majini. Hakuna aliyethubutu kugeuka. Likaja sinia la pili, Faki akajibu. La tatu. Yalifika saba, na mengine Bi Zuwena mwenyewe alikuwa ameshayasahau, lakini Faki hakukosa hata moja. Kila alipopata, kutoka kwenye upenyo kilisikika kicheko kidogo cha mtoto aliyefurahi, na hicho kicheko kiliwatisha kuliko maneno.

Baada ya sinia la saba sauti ikauliza, kwa Kiarabu kile kile cha barazani: "Mkononi mwangu mna nini?" Na kitandani ngumi ya Kazija ikagonga ubao: ko, ko.

Faki akatazama chini. Mize akamtazama Asaa. Asaa alikuwa amejificha nyuma ya kanga ya maalim wake, lakini fumbo likitegwa mbele yake hajiwezi. Akachungulia.

"Kinaliwa?"

"La."

"Kinanunuliwa?"

"La."

"Maskini anacho?"

"Naam."

"Sultani?"

"Naam."

"Mtu hukiita kikakataa?"

"Naam."

"Kisha asipokiita kikamjia chenyewe?"

"Naam."

"Kikishamjia, yeye hukiona?"

Sauti ikashuka chini. "La. Hajakiona mtu hata mmoja."

"Ni usingizi!" Asaa akaruka. "Maalim, ameshika usingizi wa Dada! Naum! Naum!"

Ngumi ikafumbuka. Kazija akayafumba macho yake baada ya siku saba, akaguna, akageukia ubavu, akakoroma. Bi Zuwena akamrukia akamgusa shavu, akalikuta lina joto. Alhamdulillahi! Alimbusu paji, akambusu mkono, akaangua kicheko na machozi kwa pamoja.

Watoto nao wakaanza yao, si mnawajua watoto. "Bila mimi mngekuwa mnaongea na kitanda mpaka kesho," Mize akasema.

"Saba bila kukosa!" Faki akajibu. "Ningekosa moja tu Dada angekwisha."

"Na ngumi kafumbua nani?" Asaa akauliza. "Wanaume wawili walishindwa, mimi nimeifumbua kwa mdomo."

"Man alfaiz?" ikasema sauti. Nani mshindi?

Wote wakatazama kitandani. Kazija amelala, midomo yake imefungwa. Sasa sauti haikuwa na mdomo wowote wa kusingizia.

"Maalim, taja mshindi," ikaendelea, kwa adabu zote za mwanafunzi. "Kila siku unamtaja, na unampa zawadi. Leo zawadi natoa mimi."

"Zawadi gani, mwanangu?" Neno mwanangu lilimtoka tu, akalijutia hapo hapo.

"Nitamchukua kwetu. Kwetu hakuna mtoto wa kucheza naye. Hatachoka, hatakua, hatarudi. Tutacheza daima."

Salale! Laiti mngewaona mashujaa wetu. "Faki!" Mize akapiga kelele. "Saba bila kukosa, kasema mwenyewe!" "Mimi? Wewe ndiye uliyemgundua, bila wewe tungeongea na kitanda!" Asaa alifungua kinywa, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe hakikutoka kitu. Wote watatu wakamkumbatia maalim wao kiunoni.

Najua, kuna mjanja hapo mbele anataka kunikatiza. Tulia. Uliyoyawaza wewe, Bi Zuwena aliyawaza kabla yako. Alisema, "Nichukue mimi." Ikamjibu, "Wewe hukucheza, Maalim, wewe mwamuzi." Akasema, "Basi mshindi ni wewe." Ikacheka. "Mimi nimepatikana. Aliyepatikana ameshindwa." Akasema, "Wamekwenda sare." Hapo haikucheka. "Mchezo usio na mshindi haujaisha, umetufundisha wewe. Kama haujaisha tunauanza upya, na safari hii sirudishi." Kitandani vidole vya Kazija vikaanza kujikunja, kimoja kimoja, na kope zikatikisika.

"Ngoja!" Bi Zuwena akalia.

Vidole vikasimama.

"Nahesabu mpaka mia," sauti ikasema. "Kisha utaje jina." Ikaanza. Wahid. Ithnain. Thalatha.

Bi Zuwena alimtazama binti yake, maziwa yamelowesha kanga kwa mara ya kwanza tangu augue, na kichanga kando yake kimeamka kinamtafuta. Kazija ndiye mwana pekee aliyemzaa. Akinyamaza, hakuna mwana wa mtu atakayeguswa. Ataguswa wa kwake, na mjukuu atalelewa na bibi. Akitaja jina, atakuwa amemtoa mtoto aliyekabidhiwa kwa mkono na mzazi wake. Na jina gani? Aliyesikia, aliyekumbuka au aliyeuliza? Mtoe mmoja katika watatu hao, na Kazija leo angekuwa sandani. Aliona kwamba watoto hawa walimwokolea mwanawe, na malipo yao ndiyo haya. Mwanamke yule alijichukia, na wala hakuwa na kosa ila kupenda kusomesha.

Nje barazani kina mama walikuwa wakinywa kahawa. Kiarabu hawakukijua, lakini makumi waliyaelewa, maana makumi yetu yametoka huko huko.

"Msikieni, ishirini!" mama yake Mize akasema. "Wanacheza tena. Basi Kazija hajambo!"

"Alhamdulillahi," akasema mama yake Faki, akafuta machozi. Na sauti ilipofika thalathini mama yake Asaa akaitikia, "Thalathini!" Wenziwe wakacheka, wakaingia nao. Arubaini. Hamsini. Wanaitikia pamoja, wanapiga makofi, na furaha yao inapenya mlangoni mpaka chumbani, ambamo watoto wao wanalia kimya kimya wamejifunika kanga ya maalim.

Sitini. Sabini. Themanini.

Bi Zuwena akafungua kinywa.

Mimi hadithi yangu ndiyo hiyo, sina zaidi. Mwenye masikio, mwenye kumbukumbu, mwenye mdomo, na mama aliyelala ambaye mwanawe anataka kunyonya. Usiniambie hujui, maana aliyekuwa mle ndani hakupewa nafasi ya kutojua. Na utakayemtaja, mtaje ukijua kwamba mama yake yuko nje, anahesabu kwa furaha.

Imefika tisini. Je, wewe ungeamua vipi?