Pumzi Iliyotolewa Ndani ya Taa

Kabla kioo hakijajua kuwaka, kila mwanga uliokuwa duniani ulipumua. Jiko la mpishi lilipumua, mwenge wa mlinzi ulipumua, hata koroboi ya bibi kizee ilipumua kwa shida zake. Ungeweza kuupuliza mwanga wowote ukafa, na ungeweza kuupepea ukanona. Watu hawakuona ajabu, maana nao walipumua, wakauhesabu moto kuwa ni mwenzao.

Wahunzi wa mlima wa Kighenda waliishikilia imani hiyo kuliko watu wote. Kwao mtoto mchanga alipelekwa kiwandani akapulizwa usoni kwa mvukuto, ule mfuko wa ngozi ya mbuzi unaochochea moto wa kufulia chuma, ili pumzi yake na ya moto zizoeane. Na mhunzi alipokufa, mvukuto wake uligeuzwa. Vifuniko vyake vya ngozi vilishonwa upya kinyumenyume, ukaacha kutoa upepo ukawa unauvuta, kisha ukawekwa mlangoni pa marehemu. Aliyepita akauona hakuuliza neno. Alirudi kwake kuchukua kuni na maboga ya matanga, akaja kulia pamoja na wenzake. Mvukuto haukugeuzwa kwa sababu nyingine yoyote, wala hakuna aliyewahi kuiwazia sababu nyingine.

Katika mlima huo aliishi mpuliza vioo aliyeitwa Namvua. Aliyeyusha mchanga mweupe wa mtoni, akachovya mrija wake wa chuma, akapuliza mpaka tone la kioo linavimba kuwa chupa nyembamba kama ganda la yai. Alikuwa mwanamke mfupi, mashavu mapana, na kiburi chake hakikufichika. Lakini kiburi cha mtu anayeijua kazi yake kinavumilika, na watu walimvumilia.

Chuma cha Kighenda kilitoka tumboni mwa mlima, katika shimo refu lililochimbwa na wanawake. Kila nyumba ilitoa mmoja. Kwa nyumba ya Namvua aliyetolewa ni Nakiete, dada yake mkubwa, kwa sababu mashavu ya Namvua yalihitajika kwenye vioo. Wachimbaji walijimulikia kwa mienge ya mafuta, na mienge hiyo ilivuta hewa yao na kuwarudishia moshi. Wanawake wawili walikuwa wametolewa humo maiti, bila jeraha hata moja mwilini. Nakiete alirudi kila jioni macho yamemwiva, akikohoa mpaka anashika ukuta asianguke. Na sasa mwezi ukiandama, yeye ndiye aliyepangwa kufungua chumba kipya cha chini kabisa. Namvua alijua hakika kwamba dada yake hatatoka huko akiwa hai. Alijua pia kwamba aliyestahili kuingia ni yeye, kama si mashavu.

Basi kilikuwapo kitu kimoja cha kutumainia. Wahunzi hao walikuwa wamekwisha kufuga radi ndogo ndani ya mitungi yenye vipande vya shaba na chuma na maji makali ya ndimu. Ukiunganisha mitungi mingi kwa nyaya za shaba, radi ilikimbia ndani ya waya, na ukiipitisha kwenye kitu chembamba ilikasirika ikang'aa. Namvua aliuona mng'ao huo mara moja tu. Akawaza kwamba akiutia ndani ya chupa, Nakiete angeweza kwenda nao shimoni badala ya mwenge.

Akaenda kwa mjomba wao, Mzee Kajiru, mkuu wa wahunzi, akamwomba amwondoe Nakiete katika zamu. Mzee Kajiru alikuwa mtu wa haki, na hilo ndilo lililomfanya awe mgumu. Alisema akimwondoa mpwa wake atamtia mtoto wa mwingine mahali pake, na huyo naye ana mama. Lakini kama Namvua ataleta taa isiyo na moshi kabla ya mwezi kuandama, mienge yote itatupwa nje ya shimo. Akampa mitungi yote aliyoitaka.

Namvua akaanza. Alichukua uzi wa pamba, akauchoma ndani ya chungu kilichozibwa hadi ukawa mkaa mwembamba, akautia chupani na kuupitishia radi. Uliwaka ukafa kabla hajamaliza kufumba jicho. Akajaribu mkonge, akajaribu nyuzi za mgomba, akajaribu singa za mkia wa ng'ombe, na hizo zilinuka hata majirani wakaja kulalamika. Alipofikia mwanzi, akauchana mwembamba, akaukunja na kuuchoma, aliona umekuwa mgumu kuliko wote. Lakini huo nao uliwaka kwa muda wa kuita jina la mtu, ukakatika.

Wahunzi walikuja kumsaidia kwa moyo mmoja, na msaada wao ulikuwa ule ule waliourithi. Walisema uzi unakufa kwa kukosa pumzi. Wakatoboa chupa pembeni, wakaleta mvukuto, wakaupulizia upepo kama wanavyokipulizia chuma. Uzi ukawaka kwa fahari kubwa, ukatoweka wote, hata majivu hayakuonekana. Wakasema upepo haujatosha. Wakaleta mvukuto wa pili. Siku saba zilipita hivyo, na mwezi ukabaki kama ukucha.

Siku ya nane Namvua alimfuata dada yake shimoni kumpelekea chakula. Alikaa huko kitambo kidogo tu, kifua kikambana. Kwenye kona nyembamba alimwona Nakiete akiuweka mwenge mbali naye, kisha akalala kifudifudi na kuvuta hewa iliyobaki karibu na ardhi. Namvua akamuuliza kwa nini hakai karibu na mwenge aone vizuri.

"Tukikaribiana tunagombania," Nakiete alisema. "Hewa ya humu ni ya mmoja wetu, mimi au yeye. Akiila mwenge, mimi nakosa."

Namvua alipanda juu bila kuaga. Njia nzima alikuwa anajisemesha kama mwenda wazimu. Kumbe moto haupumui kama mtu. Moto unakula, na chakula chake ni pumzi, na ukishapewa chakula unakula na kitu kilichoubeba. Akaitazama chupa yake iliyokuwa juu ya meza, akaogopa. Chupa ile ilikuwa imejaa pumzi, na pumzi hiyo ilikuwa yake mwenyewe, aliyoipuliza kwa mashavu yake. Ni yeye aliyekuwa akiulisha moto uliokuwa ukiula mwanzi wake.

Ilibidi aitoe. Na katika mlima wa Kighenda kilikuwapo chombo kimoja tu kinachovuta pumzi badala ya kuitoa.

Mzee Kajiru aliposikia alikaa chini. Hakukasirika, na Namvua angependa akasirike. Alimwambia kwa upole kwamba mvukuto uliogeuzwa haujawahi kukaa mlimani bila maiti, na kama maiti haipo utaitafuta. Tena hautafuti mtu wa mbali, utamchukua yule ambaye mgeuzaji anamwaza wakati anashona. Namvua alitoka pale bila kugusa mvukuto wowote, maana alimjua aliyekuwa akimwaza.

Alikwenda kwa Nakiete akamweleza yote bila kuficha, akalia. Alisema hawezi kushika sindano. Nakiete alimsikiliza huku akijifuta macho yake mabovu kwa upindo wa nguo.

"Geuza," alimwambia. "Mimi naishi kwa nusu pumzi, Namvua. Huo mvukuto wenu utanichukulia nini?"

Asubuhi iliyofuata Namvua alishona vifuniko kinyumenyume. Aliupaka mvukuto mafuta ya kondoo kila mshono, akaufunga kwenye mrija mwembamba wa kioo uliotoka chupani, akaanza kuvuta. Mlango ulikuwa wazi kwa ajili ya joto la tanuri. Jirani akapita, akaona. Kabla jua halijapanda, watu walianza kuingia uani na kuni vichwani, wanawake wamejifunga viunoni, maboga yamepangwa ukutani, kilio kikianza kwa sauti ndogo. Wakaulizana aliyefariki ni nani. Namvua hakuwa na mdomo wa kuwajibu, alikuwa anavuta. Basi wakakaa chini kwa heshima, wakisubiri maiti itolewe.

Akaunganisha waya. Uzi wa mwanzi ukawaka, na haukukatika. Ukawaka muda wa kupika chungu cha maharage, waombolezaji wakitazamana, kisha kioo kikaanza kuwa cheusi kwa ndani kama kilichovukizwa, mwanga ukafifia, uzi ukaanguka. Mwanamke mmoja mzee akapiga ukelele wa msiba, kwa kuwa alidhani hicho ndicho kifo chenyewe walichoitiwa.

Namvua aliketi ameshika kichwa. Mbele yake mtu mmoja alikuwa anazima kuni za matanga zilizokwisha tumika, akakitosa kipande cha mkaa ndani ya ndoo ya maji. Mkaa ukaelea ukitoa mapovu madogo madogo, mfululizo, kana kwamba ulikuwa umeyaficha siku nyingi. Namvua aliyatazama yale mapovu mpaka yakaisha. Alielewa kwamba mkaa una vijitundu, na katika vijitundu hukaa pumzi ambayo mvukuto haukuifikia. Uzi wake ulikuwa umeingia chupani na chakula cha moto mfukoni.

Akatengeneza chupa nyingine. Safari hii hakungoja mvukuto umalize ndipo awashe. Aliuwasha uzi huku unavutwa, kidogo kidogo, ili joto liifukuze pumzi iliyojificha na mvukuto uinyonye papo hapo. Mikono ilimchoka. Mmoja wa waombolezaji akainuka bila kuambiwa akashika mpini, akachoka, akashika mwingine, wakapokezana ua mzima. Wa mwisho kuinuka alikuwa Mzee Kajiru. Alisita kabla ya kuigusa ngozi ile iliyogeuzwa, lakini alivuta, na alivuta kuliko vijana.

Jua lilipopita utosi, Namvua alileta kaa la moto kwenye ule mrija, kioo kikalainika, akakibana kwa koleo na kukikata. Pakabaki kichomozo kidogo, kitovu cha taa. Akaondoa mvukuto. Ndani ya kioo uzi ulikuwa mweupe, umetulia, hauchezi kama miali inavyocheza, hauna moshi, hauna sauti. Watu waliozaliwa na moto, waliopulizwa usoni na moto, walikuwa hawajapata kuona moto uliotulia. Mzee Kajiru akaisogelea taa, akavimbisha mashavu na kuipuliza kwa nguvu zake zote. Haikutikisika. Akapiga magoti, na ua mzima ukapiga magoti nyuma yake, nami nisingewacheka.

Wakaipeleka taa shimoni, waya ukivutwa nyuma yake na mitungi ikibebwa kama mayai. Nakiete aliipokea kwa mikono miwili. Macho yake yalikuwa yamekwisha haribika kiasi kwamba mwanga ule aliuona kama doa tu, na Namvua alipoligundua hilo akaumia, akadhani amechelewa. Lakini Nakiete aliileta taa karibu na uso wake, pale ambapo mwenge usingeweza kukaa, akasimama nayo. Akavuta pumzi. Akangoja. Akavuta nyingine, ndefu, mpaka mabega yakapanda.

"Haili," alisema. "Namvua, njoo usikie. Hewa yote ni yangu."

Chumba cha chini kilifunguliwa mwezi ulipoandama, na wote walioingia walitoka. Tangu hapo wahunzi wa Kighenda wakaacha kugeuza mvukuto kwa ajili ya wafu, maana hawakujua tena kama mlangoni ni msiba au ni taa inazaliwa.

Na tangu siku hiyo taa ya kioo haipumui. Waweza kuipuliza kutwa nzima, utachoka wewe. Taa za kale zote zilikuwa na kitovu kile, alama ya mahali pumzi ilipotolewa. Na ikitokea ikaanguka sakafuni, haivunjiki kama kikombe. Hutoa mshindo, puu, watu wakashtuka na kushika vifua. Msiogope. Ni pumzi ya Namvua, imekaa nje muda wote huo ikisubiri, imepata ufa, imerudi nyumbani.