Kichuguu Kilichotaka Paja la Mbuzi

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa bado wanafagia nyua zao na kualikana chakula, Nguchiro aliamka na njaa. Si njaa ya kuchezea! Tumbo lilimlia nguru-nguru-nguru mpaka akaona haya mwenyewe.

Mara akamwona Bwana Fisi anakuja, begani ana paja la mbuzi linalochuruzika mafuta. Nguchiro, na udogo wake ule, angemnyang'anyaje? Akajitumbukiza ndani ya kichuguu kilichokuwa kando ya njia, akaikaza sauti ikawa nzito.

"Fisi! Wewe Fisi! Mfalme mtarajiwa!"

Fisi akaganda. "Nani? Mimi?"

"Wewe hasa! Kichuguu hakisemi ovyo. Siku za Simba zimekwisha. Weka hilo paja hapo, uende zako bila kugeuka nyuma."

Fisi, ambaye hajawahi kuacha hata mfupa, aliliweka paja chini akaenda zake akiyumba kwa furaha. Nguchiro alikula, akajilamba, akacheka mpaka mbavu zikamuuma. Mfalme! Yule!

Lakini Fisi alikuwa na mke, Bi Kingugwa, na Bi Kingugwa hakuwa mtu wa mzaha.

Kesho yake asubuhi Fisi akarudi na paja la pili. Nguchiro alikuwa ndani ya kichuguu tayari, anameza mate.

"Ewe Kichuguu," Fisi akanong'ona, "mambo yameiva! Mimi nilitaka kungoja, ufalme uje wenyewe. Mke wangu akaniambia, 'We mwanamume gani? Umeahidiwa kiti, unasubiri uletewe na mto wa kuegemea?' Basi leo mchana Simba anakula kwetu. Firigisi ya kuku ni yake, mgeni wa heshima. Nayo Bi Kingugwa ameipaka sumu ya mishale."

Njaa yote ikamtoka Nguchiro. Alimpenda yule mzee Simba, ambaye wakati wa kiangazi huwaacha wadogo wanywe maji kwanza. Lakini akienda kumwambia, ataulizwa ni nani aliyemtia Fisi wazimu huu.

"Acha, Fisi! Kichuguu kimebadili mawazo!"

"Thubutu! Mke wangu alinionya. Alisema, 'Kichuguu kikianza kuogopa, ziba masikio.'" Akalitupa paja chini, akaziba masikio, akaondoka mbio.

Nguchiro akatoka kichuguuni. Paja alilila, lakini halikuwa na ladha.

Mchana Simba akafika na rafiki yake Nyati, wakaketi mkekani. Nguchiro akajipenyeza, akadaka birika la maji, akaanza kuwanawisha wageni mikono. Alipofika kwa Simba akainama.

"Babu, mwenye nyumba hii anakupenda sana. Ukimrudishia firigisi mbele ya watu, atafurahi mpaka alie."

"Kumbe?" Simba akasema. "Basi tumfurahishe."

Sinia likaja, moshi fuu! Bi Kingugwa akaiweka firigisi mbele ya Simba kwa mikono miwili. "Karibu, mfalme wetu. Hii ni yako."

"Ahsante, mwanangu. Lakini kuku ni wenu, na nyumba ni yenu. Fisi, leo firigisi nakupa wewe. Kula, tukuone."

Fisi akaitazama firigisi. Mate yakamdondoka to! to! to!

"Mimi... nimeshiba, mzee."

Nyati akaacha kutafuna. "Nini?"

"Yaani, nimefunga!"

"Lo!" Nguchiro akadakia. "Jamani, huyu anaumwa! Fisi amekataa nyama!"

Tangu dunia iumbwe hakuna aliyewahi kuona jambo hilo. Tabasamu la Simba likapotea. "Bi Kingugwa, basi kula wewe."

"Mimi? Jino linaniuma!"

"Jino gani, mama," akauliza Nyati, "na jana tu nimekuona unatafuna kwato?"

Simba akasimama. Sauti yake ilikuwa na huzuni zaidi kuliko hasira. "Fisi, nimekuja kwako bila mlinzi. Nani alikuambia ukinitilia sumu utakaa mahali pangu?"

"Kichuguu!" Fisi akalia. "Kichuguu kiliniambia!"

Nyati akaangua kicheko, kwa-kwa-kwa! Nguchiro alicheka kumshinda Nyati, ili asishukiwe. Simba akanguruma mara moja tu, na Fisi na mkewe wakatimua mbio, wakahama nchi ile siku hiyo hiyo.

Simba hakucheka.

"Kichuguu kinachosema," akasema polepole. "Sijui kilitaka nini."

"Mapaja ya mbuzi!" Fisi akapiga kelele kutoka mbali, akiwa bado mbioni. "Mawili! Yenye mafuta!"

Simba akageuka, akamwangalia Nguchiro kwa muda mrefu.

"Mwanangu," akasema, "mbona masharubu yako yanang'aa?"

Maskini! Aliwanawisha wageni wote, akasahau kunawa uso wake mwenyewe. Birika likamponyoka, pa! Nguchiro huyo, mkia juu, mpaka ndani ya kichuguu. Na humo ndimo anamoishi mpaka leo. Akitaka kutoka, huchungulia kwanza kama Simba yupo.

Nanyi, wanangu, mtu akikuambia utakuwa mkubwa, angalia kwanza anatazama nini begani kwako.